Kazi za Beit al-Ajaib

(Hotuba kwa vijana wanaoanza kazi ya kutembeza wageni, Mji Mkongwe, Zanzibar)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu mlioketi mbele, mama zetu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kutembeza wageni katika mji huu: ahsanteni kwa kunialika.

Mmeniomba nizungumzie majumba ya ukoo wa Busaidi, ukoo wa masultani wetu wa zamani, hapa Unguja. Ni mengi, na kila moja lina maneno ya siku nzima. Kwa hiyo nimeamua sehemu kubwa ya muda wangu niitoe kwa Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, kwa sababu hakuna mgeni atakayepita Forodhani asiwaulize habari zake, na kwa sababu nimewasikia wengi wenu mkiieleza. Mnataja mambo mawili. La kwanza, kwamba ndiyo nyumba ya kwanza Zanzibar kuwaka taa za umeme na ya kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. La pili, kwamba mbele yake vilipiganwa vita vifupi kuliko vyote vinavyokumbukwa duniani. Mambo hayo yanaelezwa hivyo na watu wengi, wala sina ugomvi nayo. Lakini mgeni akiondoka na hayo tu, atadhani nyumba ile iliishi miaka kumi na tatu, tangu 1883 hadi 1896, halafu ikakaa kimya ikingoja kupigwa picha. Baada ya hapo imefanya kazi nyingine nyingi. Na kwa maoni yangu, hizo kazi za baadaye ndizo zinazotueleza jinsi tulivyoipoteza nusu yake mbele ya macho yetu.

Tuanze mbali kidogo, Mtoni. Sayyid Said bin Sultan alitawala Oman tangu mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, na kuanzia miaka ya 1830 akawa anauhamishia utawala wake huku. Alivutwa na bandari, na maji matamu, na udongo ulioikubali mikarafuu. Kaskazini ya mji, pwani, akajenga Beit al-Mtoni. Binti yake Salme alizaliwa katika nyumba ile mwaka 1844, na katika kumbukumbu zake, zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, ameiandika kama mtu anayeipita chumba kwa chumba: uani wenye tausi, mahali pa kuogea, roshani ya mbao iliyoelekea baharini ambapo wakubwa walikaa kunywa kahawa, na watu zaidi ya elfu moja wakiishi ndani ya kuta zile. Msomeni Salme. Yeye hakuangalia kasri kwa jicho la mgeni; alikuwa akiikumbuka nyumba ya kwao.

Fedha za kuendesha nyumba ya watu elfu moja zilitoka wapi? Zilitoka kwenye karafuu, kwenye pembe za ndovu, na kwenye biashara ya watu. Mikarafuu ya Unguja na Pemba ilipandwa, ikapaliliwa na kuchumwa na watumwa walioletwa kutoka bara. Naliweka hili mapema kwa makusudi. Nimewasikia baadhi yetu wakilipita haraka mgeni akiwa anatoka Muscat, na wakilikalia nusu saa mgeni akiwa anatoka Ulaya. Lisemeni kwa urefu ule ule na kwa sauti ile ile kwa kila mtu. Waliobeba mawe ya majumba haya hawakuandika kumbukumbu zao, na sisi ndio tumebaki kuwasemea.

Sayyid Said alifariki mwaka 1856, akiwa baharini katika safari ya kurudi Zanzibar. Wanawe wakagombana: Thuwaini akabaki na Oman, Majid akashika Zanzibar, na mwaka 1861 Waingereza wakaupitisha mgawanyo huo ukawa rasmi. Ndani ya ugomvi huo kuna kijana mwengine, Barghash, ambaye mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake Majid. Salme alimsaidia kwa kumwandikia barua, maana alikuwa amejifundisha kuandika mwenyewe. Njama ikashindwa. Barghash akapelekwa Bombay, akaishi huko uhamishoni katika mji wa bandari uliokuwa unakua kwa kasi chini ya Waingereza. Mtu aliyenyimwa kazi huwa na muda mwingi wa kuangalia, na naamini sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ilianza kuchorwa kichwani mwake kule.

Alishika utawala mwaka 1870. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kikavunja merikebu bandarini na kung'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi. Mwaka 1873, kwa kubanwa na Uingereza, akatia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa ya baharini na kufunga soko la mjini. Ungedhani mtawala aliyepigwa mara mbili namna ile atajikunyata. Yeye akajenga. Akaleta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi za nje ya mji, jambo ambalo watu wa kawaida walilifaidi kuliko kasri lolote. Akajenga kasri la Marahubi, akajenga la Chukwani. Na mwaka 1883 akaisimamisha Beit al-Ajaib, mahali ambapo, kwa mapokezi ya wazee, zamani palikuwa na nyumba ya malkia wa Unguja, Mwana Fatuma.

Sasa tuingie kwenye ujenzi, maana hapa ndipo siri ya nyumba ile ilipo, na naona wengi wenu mnapapita.

Nyumba za mji huu hujengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ni imara, mchwa haipendi, lakini haina urefu mkubwa. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ni upana ambao boriti inaweza kuuvuka, mita tatu hivi. Barghash alitaka kumbi pana. Alitaka roshani zizunguke nyumba pande zote, ghorofa juu ya ghorofa, na dari iwe juu sana. Boriti isingeweza. Kwa hiyo akaagiza chuma: nguzo za chuma cha kumwaga za kushikilia roshani, na mihimili ya chuma ya kubeba sakafu. Kuta zikabaki za matumbawe na chokaa kama za nyumba nyingine. Milango ikachongwa na mafundi, mikubwa, yenye aya za Qur'ani zilizotiwa dhahabu. Ikawa nyumba ya mawe ya baharini iliyovaa mifupa ya kiwandani. Kwa miaka mia na zaidi tumeisifu kwa ndoa hiyo ya vitu viwili, na ni haki yake. Lakini chuma na bahari haviaminiani, na tutarudi huko.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa gani? Wengi husema tu "kasri la Sultani", kana kwamba alikuwa akilala pale. Haikujengwa kwa kulala. Familia ilikaa jirani, Beit al-Sahel upande wa baharini na Beit al-Hukm katikati, na Beit al-Ajaib ilikuwa nyumba ya mapokezi na sherehe. Nyumba hizo tatu ziliunganishwa kwa madaraja yaliyofunikwa, yakipita juu, ili wanawake wa kasri waende huku na huku bila kushuka njiani. Mkimwonyesha mgeni pale, mwambieni atazame hewani baina ya majengo na ayafikirie yale madaraja. Nusu ya maisha ya ukoo ule ilipita juu ya vichwa vya watu.

Barghash alifariki mwaka 1888. Miaka miwili baadaye Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza, na Sultani akawa mtawala ambaye idhini yake inangoja idhini nyengine.

Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad bin Thuwaini. Siku ile ile Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia kasrini na kujitangaza. Waingereza walimtaka Hamoud bin Mohammed. Walimpa Khalid muda: atoke kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Hakutoka. Alikuwa na watu wake na mizinga michache, na bandarini alikuwa na Glasgow, meli ya Sultani. Mbele yake zilikuwa manowari tano za Uingereza. Zikaanza kupiga saa tatu na dakika mbili, na kwa hesabu inayotajwa zaidi zikanyamaza baada ya dakika 38. Glasgow ikazama, na milingoti yake ikaendelea kuonekana juu ya maji ya bandari kwa miaka mingi. Upande wa kasri watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Ndugu zangu, nawaomba jambo hapa. Nimeona wageni wakicheka wanapoambiwa dakika 38, na nimeona kijana wetu akicheka nao ili wafurahi. Waliokuwa ndani ya kuta zile wengi walikuwa askari na watumishi wa kasri, na watu 500 kwa dakika 38 ni zaidi ya watu kumi na wawili kila dakika. Mkiitaja hesabu ya dakika, itajeni na ya watu katika pumzi ile ile. Hapo hatacheka mtu.

Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, wakamvusha hadi Dar es Salaam. Waingereza walimkamata mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakamhamisha Shelisheli na St Helena, na mwisho akafariki Mombasa mwaka 1927.

Na nyumba? Beit al-Hukm ilivunjika kabisa, haikujengwa tena. Mahali pake pakafanywa bustani. Beit al-Sahel iliharibiwa vibaya ikabidi ijengwe upya. Mnara uliokuwa umesimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib ukabomolewa na mizinga. Beit al-Ajaib yenyewe ikapata madhara madogo. Wekeni hili akilini: manowari tano za dola kubwa kuliko zote za wakati ule zilipiga pale, na nyumba ikabaki imesimama. Katika matengenezo ya 1897 ukajengwa mnara mpya wenye saa, safari hii ukiunganishwa na uso wa nyumba, na sura hiyo ndiyo sote tuliyokua tukiijua.

Sultani Hamoud akaifanya makao yake. Hivyo nyumba iliyojengwa kwa sherehe ikawa nyumba ya kulala. Akiwa Sultani, mwaka 1897, alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria katika Unguja na Pemba, na hata hilo lilikuja kwa masharti na fidia zilizowafaa mabwana kuliko waliokuwa watumwa.

Mwaka 1911 Sultani Ali bin Hamoud aliachia kiti, Khalifa bin Haroub akakikalia, na makao ya Sultani yakahamia Beit al-Sahel. Beit al-Ajaib ikawa ofisi za serikali. Makarani waliingia na kutoka kupitia milango ile ya aya za dhahabu wakiwa na mafaili kwapani. Kipindi hiki vitabu vya wageni hukipa mstari mmoja. Hesabuni wenyewe: 1911 hadi 1964 ni zaidi ya nusu karne. Nyumba ile imekuwa ofisi kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa kasri, karibu mara mbili ya hapo. Vibali, mishahara, mashauri ya ardhi, barua za kwenda London: Wazanzibari waliokuwa na jambo na serikali walipanda ngazi zile. Mtu mwenye babu aliyekuwa karani ana haki na historia ya Beit al-Ajaib sawa na mtu mwenye nasaba ya Barghash. Na nitaongeza neno moja ambalo halimo kwenye picha za kadi: jengo lenye ofisi hupata fundi. Paa likivuja juu ya mafaili, mkubwa wa ofisi huandika barua siku hiyo hiyo.

Kisha Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Sultani Jamshid bin Abdullah aliondoka kwa meli ya Seyyid Khalifa, akaishia Uingereza, na huko akaishi zaidi ya nusu karne kabla ya kuruhusiwa kwenda Oman mwaka 2020. Alifariki Muscat mwezi Disemba 2024. Makao yake, Beit al-Sahel, yakatangazwa kuwa kasri la wananchi. Beit al-Ajaib ikabaki mikononi mwa serikali, ikaja kutumiwa na chama cha Afro-Shirazi kwa mafunzo ya siasa, na baadaye ikawekwa makumbusho ya chama hicho. Vijana wa wakulima na wachukuzi walifundishwa siasa katika kumbi alizokuwa akipokelewa balozi wa Malkia. Najua kwa baadhi ya waliopo hapa jambo hili ni fahari, na kwa wengine lina maumivu ya jamaa waliopotea au kukimbia. Sitalipima hapa. Ninachowaambia watembezaji ni kwamba mgeni ana haki ya kujua kuwa nyumba ile ilishuhudia yote mawili, na asisikie upande mmoja kwa sababu tu mtembezaji wake ana upande.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyumba ikapata kazi ambayo mimi binafsi naiona ndiyo iliyoifaa kuliko zote: Makumbusho ya Historia na Utamaduni wa Zanzibar na Pwani ya Waswahili. Kwa mara ya kwanza ilikuwa haisemi habari za mwenye nyumba peke yake. Katikati ya uwanja wake wa ndani ilisimama mtepe. Wadogo zangu ambao hamkuiona, ile ilikuwa jahazi nzima iliyojengwa kwa namna ya zamani, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za usumba, haina msumari hata mmoja, na tanga lake la ukili. Mitepe ya kweli ilikwisha kupotea baharini katika karne ya ishirini, watu wa Lamu na visiwa vyake ndio waliokuwa mabingwa wake. Kuikuta imekaa ndani ya kasri, chini ya nguzo za chuma za Ulaya na baina ya milango iliyochongwa na mafundi, kulifundisha zaidi ya maelezo yoyote ya ukutani: kwamba kabla ya ukoo wowote kuja kujenga kasri hapa, pwani hii ilikuwa na mafundi wake. Skuli zilileta watoto. Watoto waliizunguka mtepe wakitafuta misumari, wakakosa, wakauliza. Kwa mara ya kwanza Mzanzibari wa kawaida aliingia mle bila kuitwa, bila faili, bila kadi ya chama.

Ila makumbusho yana udhaifu ambao ofisi haina. Paa likivuja juu ya kabati la vyombo vya kale, vyombo haviandiki barua.

Sasa niwaeleze kilichoiangusha, kwa sababu wageni watawauliza na wengi hujibu "uzee". Uzee haubomoi nyumba. Mbele yetu pale pale imesimama Ngome Kongwe, imeizidi Beit al-Ajaib kwa karibu miaka mia mbili. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupitisha unyevu: hunywa maji ya masika, ukayatoa kiangazi, na huishi hivyo karne baada ya karne mradi kuna paa zima juu yake na mtu wa kuusiriba chokaa upya kila baada ya muda. Ukiupaka saruji kwa nia ya kuuimarisha, unaufunga pumzi. Maji yanabaki ndani na chokaa ya katikati inaoza. Hilo ni kwa nyumba zetu zote. Beit al-Ajaib ilikuwa na tatizo la pili, lile la mifupa yake. Mabati ya paa yakitoboka, maji yanateremka hadi kwenye mihimili ya chuma. Upepo wa bahari una chumvi. Chuma kikipata maji na chumvi huota kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe: mhimili unavimba ndani ya ukuta na kuupasua kutoka ndani. Kwa nje mtu anaona ufa mdogo. Ndani, kinachobeba sakafu kimekwisha kuliwa.

Mwaka 2012 kipande cha nyumba kikaanguka, makumbusho yakafungwa. Vitu vikaondolewa, watu wakaondoka, na hapo nyumba ikaingia katika hali ambayo haijapata kuwa nayo tangu 1883, hali ya kutokuwa na kazi yoyote. Mikutano ilifanyika. Ripoti ziliandikwa. Mvua haikusubiri. Serikali ya Oman ikajitolea kugharamia matengenezo, na kazi ilikuwa imeanza pale, mchana wa tarehe 25 Disemba 2020, mnara wa saa na sehemu kubwa ya upande wa mbele vilipoporomoka. Watu wawili walipoteza maisha. Walikuwa kazini. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Nimesema manowari tano hazikuiangusha. Iliangushwa na maji yaliyokuwa yakidondoka miaka na miaka kwenye nyumba ambayo hakuna aliyekuwa na ofisi chini ya tundu lile. Hili ndilo jambo nililokuja kulisema leo, na nalisema kwa uchungu kwa sababu nyumba ile tuliipenda. Kuipenda hakukuwa na fungu la matengenezo.

Tazameni ndugu zake. Mtoni iliachwa familia ilipohama, ikaungua, ikafanywa ghala wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na leo ni kuta. Marahubi iliungua mwaka 1899. Zimebaki nguzo na mahali pa kuogea, na marumaru yake yaliibwa zamani. Dunga, ya Mwinyi Mkuu, ambayo haikuwa ya Busaidi bali ya ukoo uliokuwa hapa kabla yao, ilikosa mwenyewe alipofariki Mwinyi Mkuu wa mwisho mwaka 1873, na mwitu ukaikalia. Halafu tazameni Beit al-Sahel: ilipigwa mizinga, ikajengwa upya, ikawa makao ya masultani, ikawa kasri la wananchi, na mwaka 1994 ikawa makumbusho ya ukoo wenyewe, yenye chumba cha Salme na samani za Sultani Khalifa hadi kabati zake za fomaika. Haijapata kukosa mtu wa kufungua madirisha asubuhi. Na nje ya ukoo huo, tazameni Zahanati Kongwe ya Tharia Topan pale pwani, ambayo katika miaka ya 1980 ilikuwa inaelekea kuanguka. Ilipewa mwenyewe mpya, Wakfu wa Aga Khan wa Utamaduni, ikapewa mafundi, ikapewa kazi, na roshani zake za mbao zipo hadi leo.

Kwa hiyo tunapozungumza kuhusu kuijenga upya Beit al-Ajaib, swali la mnara utakuwaje na saa itatoka wapi ni swali zuri, lakini mimi naliweka la pili. La kwanza ni nani atakaa mle ndani siku mafundi watakapoondoka, na kila mwaka fedha za mabati, chokaa na rangi ya kuzuia kutu zitatoka katika fungu lipi. Nawashukuru ndugu zetu wa Oman kwa mkono wao. Ukoo wa Busaidi ndio unaotawala Muscat hadi leo, na kuna haki ya damu katika msaada huo. Lakini zawadi hujenga mara moja. Kutunza ni kwetu.

Nimewasikia wanaosema ifanywe hoteli, maana hoteli inajilipia. Nawaelewa, majengo kadhaa ya pwani hii yameokolewa kwa njia hiyo, na ni afadhali hoteli kuliko kifusi. Kwa nyumba hii nakataa. Imechukua miaka mia na ishirini mpaka mtoto wa Makunduchi au Micheweni akaweza kuingia kwa mlango wa mbele akiwa na sare ya skuli. Tusimrudishe nje ya geti. Rudisheni makumbusho, lakini yasiwe peke yake: wekeni ndani yake na ofisi hai, karakana ya mafundi wa chokaa na wachonga milango, maktaba, mahali ambapo watu kadhaa wataingia kila asubuhi na wataona tone la kwanza linapodondoka. Ghorofa ya chini karakana, juu maonyesho. Kumbi ni pana, zitatosha.

Na kwenu vijana nina ombi la vitendo. Wako wazee mjini humu waliofanya kazi mle wakiwa makarani wadogo kabla ya Mapinduzi. Wako waliosoma siasa mle. Wako walinzi na waelezaji wa makumbusho, na wako waliosaidia kuijenga mtepe. Hawa hawamo katika maonyesho yoyote. Nyinyi mna simu zenye vinasa sauti na mna miguu inayoijua mitaa, kuanzia Malindi hadi Shangani na ng'ambo ya Darajani. Nendeni kwa adabu, msalimieni mzee, ombeni ruhusa, mrekodini: alikaa chumba gani, meza yake ilitazama wapi, alilipwa nini, nani alikuwa mkubwa wake, mvua ikinyesha maji yaliingilia wapi. Hilo la mwisho msilisahau, mafundi watalihitaji. Andikeni jina na tarehe, na nakala ipelekeni Nyaraka za Taifa pale Kilimani ili isipotee simu itakapoharibika. Nami niko tayari kukaa na yeyote kati yenu jioni kumwelekeza kwa wazee ninaowajua.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Kama mwenyekiti ataruhusu, nitapokea maswali, na naomba tuanze na mama zetu waliokaa nyuma.